Karatasi ya Paka wa Shangazi

Hivi wewe umewahi kumwona mtoto akisoma huku amefumba macho? Simaanishi amesinzia. Amesimama wima, mikono nyuma, karatasi iko mezani mbele yake, na macho kayabana kama anayesubiri kutiwa dawa ya matone. Maneno yanamtoka mfululizo, hapumui, hamezi mate. Mimi nimewaona. Wa kwanza nilidhani anaumwa macho, maskini. Akaja wa pili, naye vilevile. Wa tatu alipoingia nikaweka sindano na uzi wangu mapajani, nikasogeza kichwa dirishani nione vizuri.

Nilikuwa kwenye benchi la baraza ya shule, nje ya stoo wanamoweka mafagio na mipira iliyopasuka. Stoo hiyo ndiyo waliyoifanya chumba cha kupimia kusoma. Dirisha lake halina kioo, lina waya tu, na waya wenyewe umetoboka pembeni. Nilikuwa pale kwa sababu shule ilitaka kumrudisha mjukuu wangu darasa la kwanza, nami nilikuwa nimekataa. Sikupiga kelele. Nilikataa kwa kukaa. Kila asubuhi nilimleta mtoto, nikamwacha aingie darasani, kisha nikakaa kwenye benchi nikafuma. Mwalimu Mkuu akipita tunasalimiana vizuri, halafu ananiambia, "Bibi, leo nina kikao."

"Hakuna neno, baba. Nitasubiri kiishe."

"Kinaweza kuchelewa."

"Uzi ninao mwingi."

Anatikisa kichwa, anaingia zake ofisini. Mkuu ni mtu mrefu, shati lake halina hata mkunjo mmoja, na ana tabia ya kuokota vipande vya karatasi uwanjani yeye mwenyewe. Nilimpenda kwa hilo. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja na kumpa mjukuu wako amrudishe nyuma ni jambo jingine.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana nikikimbia nitakuacha njiani.

Mjukuu wangu tunamwita Sisimizi. Alipewa jina hilo na mama yake, siku alipomkuta anaburuta ndoo tupu kubwa kuliko yeye kutoka mlangoni hadi jikoni, na alipotaka kumsaidia mtoto akalia. Akishika kitu hakiachii. Mama yake ni binti yangu wa mwisho, anafua mashuka hospitalini. Anatoka alfajiri, anarudi vidole vimekunjamana kwa maji, nguo zinanukia dawa ya kuulia vijidudu. Kwa hiyo kumlea Sisimizi, kumchana nywele, kumkagua kucha na kumsikiliza akisoma, ni kazi yangu. Nami sikusoma sana. Nilimaliza shule ya msingi, nikaolewa, basi. Gazeti nasoma, barua nasoma, maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa nasoma nikisogea kwenye mwanga.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Kila muhula watoto wa darasa la pili wanapangwa foleni barazani, wanaingia stoo mmojammoja. Ndani kuna meza, mwalimu wa darasa, saa ya kubonyeza, na karatasi moja. Mtoto anasoma kwa dakika moja. Mwalimu anahesabu maneno. Mwenye maneno mengi anaandikwa kijani, wa katikati njano, wa machache nyekundu. Aliye mwekundu mihula miwili mfululizo anarudi darasa la kwanza akakae na wadogo zake.

Sasa ile karatasi. Ilikuwa moja, na ilikuwa ileile kila muhula. Ili isichakae walikuwa wameitia plastiki, ngumu kama sahani. Walimu walikuja na kuhama, karatasi ikabaki. Juu yake kulikuwa na kisa cha paka wa shangazi aliyepanda juu ya kabati akakataa kushuka. Shangazi anamwita, hataki. Kaka analeta ngazi, hataki. Dada analeta samaki, hataki. Kisa kizuri tu, sikilaumu. Lakini wewe fikiria foleni ya watoto imesimama nje ya dirisha lisilo na kioo, wa kwanza anasoma, wa pili anamsikia, na akifika wa mwisho amekisikia mpaka amekichoka. Wanarudi nyumbani, wanawafundisha wadogo zao. Mwishowe kikawa wimbo wa kuruka kamba! Mtaani kwetu jioni utasikia kamba inapiga chini, pa, pa, pa, na wasichana wanaimba, "Paka wa shangazi, juu ya kabati, shangazi anamwita, paka hataki!" Mtoto ambaye hajaanza hata shule anaujua wote, na neno "hataki" ndilo analolipigia kelele zaidi.

Sisimizi anauruka kuliko wote. Hajikwai hata mara moja. Lakini akiingia stoo anafanya jambo ambalo wenzake hawalifanyi. Anaisogeza karatasi karibu, anaweka kidole chini ya neno la kwanza, anasoma. Anasoma kweli. Silabi kwa silabi, anaunganisha, anarudia neno zima, ndipo anasogeza kidole. Dakika inaisha bado shangazi hajamaliza kumwita paka.

Muhula wa kwanza akawa mwekundu. Muhula wa pili, mwalimu wa darasa alimwinamia akamnong'oneza, "Soma tu kama unavyoijua." Sisimizi akamtazama, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Kama ninavyoijua kwenye kamba, au kama ilivyoandikwa hapa?" Foleni nzima nje ikaangua kicheko. Akawa mwekundu tena.

Ikaja taarifa nyumbani: mtoto atarudi darasa la kwanza mwezi ujao.

Mtaani habari hazikai. Kesho yake nilikuwa bombani na ndoo zangu, akafika Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta mmoja. Ana mapacha wa kiume darasa moja na Sisimizi. Ni mama mwema, tatizo lake mdomo unamtangulia.

"Shoga yangu," akaniambia, "wangu kijani wote wawili. Wako nasikia ameiva kama pilipili."

"Ameiva."

"Ungemwambia akaze kidogo. Mbona wangu hata kitabu hawakishiki na wanasoma kama maji?"

"Ndiyo ninalolishangaa hilo, Mama Pacha."

Kwenye ukuta wa bomba kulikuwa na tangazo jipya, limebandikwa kwa gundi, bado mbichi. Mama Pacha hakuwa na miwani. Akamwita mmoja wa mapacha aliyekuwa anacheza na tope. "Baba, njoo umsomee mama tangazo. Soma kwa sauti, bibi asikie mtoto wa kijani anavyosoma."

Yule mtoto akafuta mikono kwenye kaptura, akasimama mbele ya tangazo, akaweka mikono nyuma. Akafumba macho. Akaanza, "Paka wa shangazi amepanda juu ya kabati..."

Watu wote bombani walicheka mpaka ndoo zikafurika. Mama Pacha hakucheka. Alimtazama mwanawe, akalitazama tangazo, akamtazama tena mwanawe, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo mpaka nami nikaacha kucheka. Sisimizi alikuwa ameshika mkia wa gauni langu. Akasogea, akaweka kidole ukutani, akaanza. Alichukua muda. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Huyu atamaliza lini?" Alimaliza, akageuka akaniambia, "Bibi, maji yatakatwa Ijumaa mpaka Jumapili. Wanasema tujaze vyombo."

Kila mmoja alikimbilia kuchukua ndoo nyingine nyumbani kwake.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi mjukuu wangu ni bingwa. Anasoma polepole, kweli, na kuna maneno yanamshinda. Anahitaji kusaidiwa. Lakini kumrudisha nyuma kwa sababu amesoma, na kuwapandisha wengine kwa sababu wameimba, hilo nililigeuza kichwani huku na huku nikashindwa kulipatia pa kuliweka.

Jioni nilimwambia binti yangu kwamba nitakwenda shuleni kukataa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Mama, usinitie aibu."

"Aibu ipi?"

"Utagombana na walimu, halafu mtoto ndiye atakayeonekana mbaya. Si aseme tu kama wenzake? Anaujua. Nimemsikia akiuimba mpaka chooni." Akamgeukia Sisimizi. "Wewe, kwa nini husemi tu, mama?"

Sisimizi alikuwa anapanga viberiti mezani kwa safu. "Mwalimu anasema soma. Hasemi sema."

"Umemsikia?" binti yangu akanigeukia. "Huu ukaidi ameurithi wapi?"

Nikajifanya natafuta uzi.

Basi ndipo nikaanza kukaa kwenye benchi. Mama Pacha alinipitia asubuhi ya kwanza, akaniuliza, "Unangoja nini hapo?" Nikamwambia nangoja kusikilizwa. Akasema, "Utaota mizizi," akaenda. Kesho yake alinipitia tena, safari hii akaniletea mto wa kukalia, akaniwekea bila kusema neno. Ukimjua Mama Pacha, kutosema neno kwake ni zawadi kubwa kuliko mto.

Mwalimu wa darasa la pili watoto wanamwita Mwalimu Pole. Ni binti mdogo, alikuwa na mwaka mmoja tu pale shuleni, na kila kitu anakifanya kwa sauti ya chini. Mtoto akianguka, "pole." Chaki ikivunjika, "pole." Hata mlango ukimgonga anauambia pole. Mkuu akimwambia jambo, jibu lake ni moja: "Kama Mkuu atakavyoona." Nililisikia mara nyingi kupitia ukuta wa ofisi. Orodha ya zamu ibadilishwe? Kama Mkuu atakavyoona. Kipindi cha michezo kifutwe? Kama Mkuu atakavyoona. Nikawa najisemea, huyu siku Mkuu akisinzia atapata taabu.

Siku ya kipimo cha watoto waliokikosa kwa ugonjwa, ndiyo ile niliyowaona wanafumba macho, alitoka stoo wakati wa mapumziko akakaa mwisho wa benchi langu. Mikono yake ilikuwa na chaki mpaka viwikoni. Alitazama nilichokuwa nafuma.

"Kitambaa cha meza, Bibi?"

"Nilikianza cha meza. Naona kwa jinsi ninavyosubirishwa kitakuwa cha kitanda."

Akacheka bila sauti, mabega tu. Nikamuuliza, "Mwalimu, mwanangu, wewe humo ndani unawaona wanavyofumba macho?"

Cheko likamwisha. "Nawaona, Bibi."

"Na unaandika kijani."

"Naandika maneno waliyoyatamka. Ndivyo ilivyoelekezwa." Akasugua chaki kwenye kiganja. "Vipimo viko vingi, Bibi. Chuoni tulifundishwa. Kuna cha herufi, kuna cha silabi, kuna cha..." Kengele ikalia. Akasimama kama aliyeitwa na polisi. "Pole, Bibi. Nikimbie."

Nikamtazama anavyokwenda, nikafikiri: kuna kitu kimekaa kooni mwa huyu binti, na hakishuki wala hakipandi.

Mkuu aliniita siku ambayo mvua ilinyesha ikawa inapiga benchi. Nadhani aliona haya, wageni wanaingia shuleni wanakuta bibi kizee ameloa magoti. Akasema, "Bibi, ingia tumalize hili jambo leo." Akatuma mtu hospitalini, binti yangu akaja na gauni lake la kazi, kofia ya plastiki bado kichwani. Sisimizi akaletwa kutoka darasani. Mwalimu Pole akaja na saa ya kubonyeza na ile karatasi ya plastiki. Sote tukabanana katika ofisi ndogo yenye meza moja, viti vitatu, na tufe la dunia lililobonyea upande mmoja.

Ukutani nyuma ya Mkuu kulikuwa na chati kubwa yenye rangi. Darasa la pili lilikuwa kijani kutoka juu hadi chini, njano chache, na doa moja jekundu pembeni. Lilionekana kama kidonda.

Mkuu akanieleza vizuri, sikuweza kumchukia. Alifungua kabati la vioo akanionyesha vitabu vya hadithi, vipya, vinang'aa. "Bibi, unaviona hivi? Shule yenye kijani ndiyo inayoletewa. Shule ya ng'ambo ya pili ilianguka rangi mwaka juzi, sasa watoto wanne wanasoma kitabu kimoja. Mimi nilizunguka ofisi baada ya ofisi kuvipata. Unataka nivipoteze?"

"Sitaki uvipoteze, baba. Vinasomwa?"

"Vitasomwa."

"Lini?"

"Vikichafuka nitamwonyesha nini mkaguzi?" Alilisema, kisha akajisikia mwenyewe, akafunga kabati taratibu. Hatukuzungumzia tena vitabu.

"Mimi nimekuja na neno moja," nikamwambia. "Mtoto harudi darasa la kwanza. Kama kusoma kwake ni kwa polepole, msaidieni humohumo alimo. Nami nyumbani namsaidia. Lakini kurudi, harudi."

"Bibi, kuna utaratibu."

"Utaratibu uwe na adabu."

"Mama!" binti yangu akaninong'oneza, akanifinya kiunoni kama mimi ndiye mtoto.

Mkuu akavua miwani, akaipangusa kwa tai. Alipoivaa tena alikuwa na uso mwingine, uso wa mtu aliyechoka na anayetaka watu wote waende nyumbani wakiwa wamefurahi. Akamwita Sisimizi kwa upole kabisa.

"Mwanangu, njoo hapa. Hakuna atakayekugombeza. Mwalimu atabonyeza saa, dakika moja tu. Usiweke kidole. Wewe ikariri tu kama mnavyoimba kwenye kamba. Umeelewa? Mimi nitaandika kijani. Unabaki darasa la pili, mama anarudi kazini, bibi anapumzika na lile benchi. Tumemaliza, hakuna aliyeumia."

Nakuambia ukweli wangu, nilitamani akubali. Nilichokuwa nakidai kwa siku zote zile kiliwekwa mezani mbele yetu, na bei yake ilikuwa wimbo. Binti yangu aliinama hadi usawa wa mtoto, akamshika mabega. "Sema, mama. Sema tu paka wa shangazi. Nakuomba."

Mwalimu Pole alikuwa ameishika saa, kidole gumba juu ya kitufe.

Sisimizi alinitazama mimi. Mimi na yeye tuna utani wetu, namwita mke mwenza kwa sababu babu yake kila akirudi alimletea yeye peremende kabla ya kunisalimia mimi. Nikamwambia, "Mke mwenza, mdomo ni wako. Mimi sikushauri."

Akageuka kwa Mkuu. "Sitaki."

"Kwa nini? Huujui?"

"Naujua."

"Basi uimbe."

"Nikiuimba mtaandika kwamba nimesoma."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Binti yangu alisimama wima, akaivua ile kofia ya plastiki, akaikunja, akaikunja tena. Mkuu alimtazama huyu mtoto anayefika kwenye ukingo wa meza tu. Kisha akavuta droo, akatoa fomu.

"Vizuri. Nimejaribu. Kila mtu hapa ni shahidi kwamba nimejaribu." Akaandika jina, akaandika tarehe, akaweka sahihi yake, akamsogezea binti yangu. "Mzazi, weka sahihi hapa kwamba umearifiwa anarudi darasa la kwanza."

Mwanangu yule aliyeogopa aibu, aliyenifinya kiunoni, alimtazama mwanawe, akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo. "Siweki, Mwalimu."

"Mama, wewe ndiye uliyemwomba aimbe!" Mkuu akamaka.

"Nilimwomba. Amenikatalia. Sasa nami nakataa."

"Hongera," nikasema. Nikafinywa tena, lakini safari hii si kwa nguvu.

Mkuu akapumua kwa pua. "Haidhuru. Mzazi akikataa, sahihi ya mwalimu wa darasa inatosha. Ndivyo kanuni inavyosema." Akaisukuma fomu upande wa pili wa meza, akaweka kalamu juu yake. "Mwalimu."

Hapo roho yangu ilishuka. Nilijua jibu lake, nilikuwa nimelisikia kupitia ukuta siku nyingi mno. Nikanyoosha mkono nimshike Sisimizi tuondoke, nikiwaza nitakavyokuja kesho na benchi litakavyokuwa bado bichi kwa mvua.

Mwalimu Pole hakuishika kalamu. Aliiweka ile saa ya kubonyeza juu ya fomu, polepole, kama mtu anayelaza yai. Kisha akaiweka karatasi ya paka juu ya saa.

"Siweki sahihi, Mkuu."

Mkuu alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Siweki. Huyu ndiye mtoto pekee darasani kwangu ambaye najua amefikia wapi. Najua silabi zinazomshinda, najua maneno yanayomkwamisha, najua nimwanzie wapi kesho asubuhi. Nikimtoa huyu, nabaki na watoto nisiowajua." Sauti yake ilikuwa ileile ya chini, lakini haikuwa na pole ndani yake hata tone.

"Wenzake ni kijani, Mwalimu. Unawajua kwamba wanasoma."

"Najua kwamba wanaruka kamba."

Binti yangu alicheka, akajiziba mdomo. Mkuu hakumwangalia. Uso wake ulikuwa umeiva, nami nikaona hakuwa na hasira tu, alikuwa na hofu, hofu ya mtu aliyejenga ukuta kwa miaka na sasa mtu anauegemea.

"Unajua ukiwapima kwa karatasi nyingine nini kitatokea?" akauliza. Akaonyesha chati nyuma yake bila kugeuka. "Darasa lote litakuwa jekundu. Lote! Utasimama wewe mbele ya mkaguzi?"

"Nitasimama."

"Utasema nini?"

"Nitasema ndivyo walivyo, na kwamba leo ndiyo nimeanza."

Mkuu akaegemea kiti. Alimtazama yule binti kama anayemwona mara ya kwanza tangu aripoti kazini. Fomu ilikuwa pale chini ya saa na karatasi, haina sahihi ya mzazi wala ya mwalimu, na bila mojawapo ilikuwa karatasi tu. Aliijua kanuni yake mwenyewe. Alinyoosha mkono, nikadhani ataichana, au atamlazimisha. Aliishia kukuna kichwa.

"Mtoto abaki alipo," akasema mwishowe, bila kumtazama yeyote. "Kwa sasa." Halafu akamgeukia Mwalimu Pole, na sauti yake haikuwa ya Mkuu tena, ilikuwa ya mtu anayeuliza jambo lililomuuma. "Mwaka mzima uko hapa. Kila ninachokuuliza unaniambia kama nitakavyoona. Ungeniambia. Haya, niambie leo mbele ya hawa. Wewe ulikuwa unataka nini?"

Mwalimu Pole alimtazama Sisimizi, akanitazama mimi, na mimi nikamwinamishia kichwa kumwambia endelea, mwanangu, mlango uko wazi.

"Nilikuwa nataka kukaa na kila mtoto peke yake," akasema, "mahali ambapo wenzake hawasikii. Nimpe ukurasa ambao hajawahi kuusikia. Asome kwa kidole, asome polepole, hata akimaliza mistari miwili tu, kisha aniambie amesoma nini. Asiyejua herufi nimwanzishie herufi. Anayejua herufi na silabi zinamshinda, nimpe silabi. Sikutaka kijani, Mkuu. Tangu siku ya kwanza niliyoingia darasa lile nilikuwa nataka kujua nani hajui, nimfundishe."